Siku Tulipodhaniwa Kuwa Kanisa

Jumamosi ile ukumbini tulikuwa Mwalimu Ambetsa, aliyetufundisha karate, mimi Rael, wadogo zangu wawili, Wafula na Naliaka, Kioko wa posho mill, ambaye hata akioga nywele zake zilibaki na unga, Mama Akinyi, na Akinyi mwenyewe, msichana wa miaka kumi na minne, aliyesimama amebandika mgongo ukutani kama picha iliyotundikwa. Alikuwepo pia kuku wa mlinzi wa kanisa, lakini huyo alikuja kila Jumamosi, na kwa mahudhurio alitushinda wengi wetu.

Nawataja kwa majina kwa sababu nyinyi mnaofundisha sasa huniuliza nilianza lini kufundisha, na huwa mnangoja niwatajie mkanda au cheti. Nilianza siku hiyo, bila kupanga, na mkanda wangu ulikuwa umetiwa rangi kwa majani ya chai. Mwaka huu nimestaafu. Aliyeniamuru ni magoti, si mtu, na magoti hayana ofisi ya kukatia rufaa. Kwa hiyo nina muda wa kuandika.

Nirudi nyuma kidogo. Baba yetu alitangulia, na mama akamfuata kabla mwaka haujageuka. Nilikuwa darasa la saba. Mkubwa wa nyumba yetu pale Mashimoni, Kibera, akawa mimi, basi nikaacha shule nikaanza kuwafulia watu nguo. Sisemi haya mnionee huruma. Nasema mjue kwa nini viganja vyangu vilikuwa na nguvu kabla sijasikia neno karate. Ukikamua blanketi za watu wengine kwa miaka kadhaa, mikono inajifunza jambo hata kama kichwa hakijaambiwa.

Nyumba nilizofulia zilikuwa upande wa juu wa Kawangware, na nilikwenda kwa miguu. Njiani, karibu na Riruta, kulikuwa na karakana ya seremala nilipokuwa nikiomba vumbi la mbao la kuwashia jiko. Seremala huyo ndiye alikuwa Ambetsa. Siku moja nikampata nyuma ya karakana akipiga ubao uliochimbiwa ardhini na kuzungushiwa mpira wa tyubu. Hakuwa na hasira. Alipiga, akatazama ngumi yake, akatikisa kichwa, akapiga tena.

Nikamuuliza kwa nini anapiga mbao aliyoinunua mwenyewe.

"Naiuliza swali," akasema.

"Na inajibu?"

"Inajibu. Leo imeniambia kifundo changu kimepinda."

Nikaweka gunia la vumbi chini nikaomba na mimi niulize. Nilipiga mara moja. Mkono ulivimba mpaka kesho yake nikafua kwa mkono mmoja, lakini nilikuwa nimeshajua nitarudi. Sikurudi kwa ajili ya kupigana. Kupigana nilikuwa naona kila siku kwenye foleni ya maji, na hakukunivutia hata kidogo. Nilirudi kwa sababu sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akipiga kitu kwa utulivu namna ile, na nilitaka kujua anatafuta nini.

Wakati ule hatukuwa na vifaa. Mavazi yetu meupe tuliyashona kwa mifuko ya kitambaa ya unga wa ngano, na maandishi yake hayakutoka hata kwa kuchemsha. Wafula alipewa kipande ambacho makalioni kilimwambia kila anayetazama, "Weka mahali pakavu." Pedi za kukinga mapigo tulitengeneza kwa soli za patipati. Tukapewa ukumbi wa kanisa moja la Kawangware kila Jumamosi, kwa sharti kwamba Mwalimu awatengenezee mabenchi yao yakivunjika. Nadhani baadhi ya mabenchi yalivunjwa makusudi.

Kitu tulichokuwa nacho kwa wingi ni maneno. Mwalimu alijifunza karate kwa mhandisi mmoja wa barabara, Mjapani, alipokuwa akimjengea makabati, na maneno yote aliyachukua kwa sikio. Hakuna aliyewahi kuyaona yameandikwa. Kwa hiyo yalipofika kwetu yalikuta Kiswahili kimeshakaa kwenye viti. Mwalimu alipotuambia tufanye "kata", yaani ule mfululizo wa mapigo na kinga unaofanywa peke yako, Naliaka aliuliza tunakata nini. Kulikuwa na neno la kukinga ambalo kwa Kijapani ni kupokea tu, lakini kwa Kiswahili ni la kliniki ya kina mama. Mwalimu alilitamka mbele yangu mara moja, akakohoa, na tangu siku ile tukaita "kinga". Neno la kufumba macho na kutulia kabla ya mazoezi ni "mokuso". Sisi tulisikia "makosa". Tulipiga magoti, tukafumba macho, na kila mtu akayafikiria yake.

Lakini neno lililotusumbua kuliko yote ni la kusimamisha. Mwalimu akisema "Yame!", mkono unatakiwa uishie pale ulipofika. Taabu ya neno hili kwa anayejua Kiswahili ni kwamba halijaisha. Yame nini? Yamefika? Yamemwagika? Kioko alikuwa mtu mwenye adabu, na kwa adabu yake alingoja lililobaki. Alipokuwa anangoja, ngumi yake iliendelea na safari. Mbavu zangu za kushoto zinaijua safari hiyo.

Sasa turudi Jumamosi ile. Mtaani kwetu makanisa ya kanzu nyeupe yalikuwa mengi, mengine ya watu wa ziwani, mengine ya kwetu Magharibi, kila moja na rangi ya msalaba wake na ngoma yake. Mama Akinyi, aliyekuwa akiuza dagaa wa omena sokoni Kawangware, alikuwa ameambiwa na jirani kwamba kuna kanisa jipya. Waumini wake wanavaa nyeupe, wanavua viatu, wanafunga mishipi ya rangi, wanainama, wanalia kwa sauti na kunena kwa lugha. Hawana ngoma. Kwa kuwa tulikutana Jumamosi, alituweka kwenye fungu la Wasabato.

Aliingia tukiwa tumepiga magoti. Akavua viatu mlangoni, akamsukuma bintiye ndani, na aliposikia Mwalimu akisema "Mokuso", naye akapiga magoti akaanza kuyataja makosa yake kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini. Aliendelea hata sisi tulipomaliza. Tukamngoja. Hakuna aliyejua la kufanya, na mtu anayetubu humkatizi.

Kisha tukapambana wawiliwawili, kwa makelele yetu ya kawaida, mimi na Kioko, Wafula na Naliaka. Kukawa na vumbi, kuku akapanda kwenye mimbari. Mwalimu akasema, "Yame!"

Mama Akinyi akainua mikono yote miwili. "Yametoka!" akasema.

Mapepo, bila shaka. Wafula akacheka mpaka akakaa chini. Naliaka akageukia ukuta. Lakini mimi nilimtazama Kioko. Ngumi yake ilikuwa imesimama hewani, mbele ya mbavu zangu, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hatimaye amesikia neno likiisha.

Tangu siku hiyo Mwalimu akisema "Yame", sisi tulijibu "toka!" na kushusha mikono, na Kioko hakunigonga tena kwa kuchelewa. Nyinyi bado mnajibu hivyo. Nimewahi kumsikia mmoja wenu akimweleza mgeni kwamba ni Kijapani cha zamani.

Mwalimu alimwendea Mama Akinyi akamweleza kwa upole kwamba sisi si kanisa.

"Nabii wa kweli hajisifu," akajibu Mama Akinyi.

"Mama, mimi ni fundi wa mbao."

"Hata yule alikuwa fundi wa mbao."

Mwalimu akavuta benchi, akaketi, akamwomba aeleze kilichomleta.

Kilichomleta kilikuwa hiki. Akinyi alikuwa mtoto mpole mpaka mwanzoni mwa mwaka ule. Kisha akaanza kupiga watu. Hakuwa akipiga kwa ugomvi. Angekuwa amekaa vizuri, halafu mtu amguse, naye ageuke na kupiga, na akianza hakomi. Alimpiga jirani, akampiga binamu, na mwisho kwenye mstari wa asubuhi shuleni akampiga mwalimu aliyemshika bega, wakamrudisha nyumbani. Baba yake alikuwa amefariki, na mwenye neno juu ya mtoto alikuwa Odhiambo, ndugu ya marehemu, aliyekuwa huko nyumbani karibu na ziwa. Odhiambo na bibi mzaa baba walikuwa wameshaamua kwamba ni pepo. Shule zikifungwa mwezi wa nane angekuja kumchukua ampeleke kwenye boma la nabii fulani, ambako wagonjwa wa namna hiyo hufungwa kwenye nguzo, wakala kidogo, wakaombewa mpaka watulie.

"Wengine wanatulia," alisema Mama Akinyi. "Wengine wanatulia kabisa." Alisema hivyo akitazama sakafu, na sote tulielewa.

Aliogopa kumkatalia shemeji yake bila kuwa na la kumwonyesha. Ndiyo maana alikuwa akizunguka makanisa ya Nairobi, moja baada ya jingine, akitafuta litakalomtuliza mtoto kabla ya mwezi wa nane. Sisi tulikuwa la mwisho alilolijua.

Nilidhani Mwalimu atamwonea huruma na kumwambia pole. Badala yake alifanya kama alivyofanya akiletewa mbao asiyoijua. Akainuka akamwomba Akinyi ruhusa ya kumgusa mkono. Akamgusa mkono kutoka mbele: hakuna kitu. Akamgusa bega la kulia, akiwa kando: hakuna kitu. La kushoto: hakuna. Akamwomba atoke ukutani, akapita nyuma yake, akaweka vidole kwenye ukosi wa gauni.

Sikuona ngumi ilivyotoka. Nilimwona Mwalimu yuko chini, na Akinyi juu yake, na Kioko na mimi tukimvuta. Alipoinuka, Mwalimu alikuwa na damu puani na furaha ya mtu aliyeokota ufunguo wake.

"Ni nyuma tu," akasema. "Mmeona? Ni nyuma peke yake. Pepo gani huyo anayechagua upande?"

Kisha akatuambia neno ambalo nimelirudia kwa wanafunzi maisha yangu yote. Mbao haina pepo, ina fundo. Fundi mjinga akifika kwenye fundo anasukuma randa kwa nguvu, na mbao inachanika. Fundi anayejua anaigeuza mbao, anakuja kwa upande mwingine.

"Rael," akasema, "huyu ni wako."

Nikamwambia mimi bado ni mwanafunzi.

"Ndiyo. Bado unakumbuka kutojua. Mimi nimeshasahau."

Nilipomuuliza tutamwambia nini mama yake, maana alikuwa ameshaanza kutuita wachungaji, Mwalimu alifikiri. Akasema ameshamwambia ukweli, na atamwambia tena kila wiki. Lakini mtu aliyeingia kwa dirisha naye yuko ndani.

Basi nikaanza kazi. Mwanzoni nilifanya alivyofanya kila mtu: nilitaka azoee kuguswa nyuma, kwa hiyo nilimgusa nyuma, nikimwambia kwanza kwamba nakuja. Alinipasua mdomo. Wafula akaniuliza mbele ya watu, "Kwani mwalimu ni wewe ama ni yeye?" Nikamwambia akamwangalie kuku. Nilikuwa nasukuma randa.

Nikaigeuza mbao. Nilimwambia Akinyi kwamba kwa sasa hakuna atakayemshika. Yeye ndiye atakayeshika wengine. Alishangaa. Akaanza kwa Naliaka, aliyekuwa mdogo, akija nyuma yake na kumshika ukosi. Akaja kwangu. Akaja kwa Kioko, ambaye ukosi wake aliufikia kwa kusimama kwenye benchi. Kila mara nilimuuliza amesikia nini mkononi. Alikuwa haongei sana, lakini swali hilo lilimpendeza. Alisema Naliaka anapandisha mabega kabla hajaguswa. Alisema shingo ya Kioko ina joto. Alisema mimi huacha kupumua. Sikujua kwamba naacha kupumua. Nimefundisha miaka yote hii, na mwanafunzi wangu wa kwanza ndiye aliyenifundisha kuhema.

Siri yenyewe ilitoka siku tunafua mavazi. Vazi la mfuko wa unga likilowa ni zito, haliwezi kukamuliwa na mtu mmoja. Mnashika huku na huku, mmetazamana, kila mtu anapinda upande wake. Tukiwa tumetazamana hivyo, akaniambia kuhusu moto. Walikuwa wakiishi Mashimoni, safu ya nyuma, ile iliyoungua mwanzoni mwa mwaka. Mimi moto huo niliuona kwa mbali, nikiwa nimewashika Wafula na Naliaka mikono. Yeye alikuwa ndani. Mtu alivunja mbao za ukuta wa nyuma, akamshika ukosi, akamvuta kinyumenyume mpaka nje, akamwacha kwenye matope, akarudi kwa wengine. Mama yake alijua kwamba kuna aliyemtoa. Alichoamini ni kwamba pepo alimwingia na moshi.

"Sikumwona uso," akasema Akinyi.

Nikamuuliza, kwa nini anapiga? Huyo si alimwokoa?

Akapinda nguo mpaka maji yakaacha kutoka. "Sitaki kumpiga. Nikigeuka nataka tu kuona ni nani."

Nilipomweleza Mwalimu, aliacha kuranda, akaitazama randa mkononi. Nilidhani ameguswa. Pengine aliguswa, lakini alilosema lilikuwa la kazi. Alisema basi shida si mkono. Mkono unatangulia kwa sababu macho yamechelewa. Tumfundishe macho yatangulie.

Hivyo ndivyo tulivyofanya wiki zilizobaki. Mtu anakuja nyuma, na yeye anageuka kwa mguu wa nyuma, kinga juu, na kabla ya ngumi kutoka anataja jina la anayemwona. "Kioko." "Naliaka." "Mwalimu." Mwanzoni jina na ngumi vilifika pamoja. Baadaye jina likatangulia. Watu husema ngumi ni kama neno, ikitoka haiwezi kurudi. Mwalimu alilipinga sana jambo hilo. Alisema ngumi inaweza kurudishwa hata ikiwa imebakisha upana wa kidole, na kwamba mchezo wetu wote ni huo upana wa kidole. Kupiga anajua hata punda.

Msidhani ilikwenda vizuri kila siku. Kuna Jumamosi alimpiga Kioko jicho likaziba, na Jumatatu wateja wa posho mill wakamuuliza Kioko kilichomkasirisha mke wake. Kuna Jumamosi hakuja. Mama Akinyi alikaa kwenye benchi kila mara, akiomba, na kila "Yame" alijibu kabla yetu. Shule zilikuwa zinakaribia kufungwa na sikujua kama tumefika. Nilimuuliza Mwalimu tutajuaje. Akasema hatutajua sisi.

Odhiambo alikuja Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa. Hakutusalimu. Alisimama mlangoni na begi, mtu mrefu mwenye koti la kanisani, akatutazama tukiinama.

"Hawa ndio wanaomba?" akamuuliza shemeji yake. "Biblia ziko wapi?"

Mama Akinyi akamwambia angoje aone, mtoto ametulia. Odhiambo akasema atulie asitulie, gari ni saa nane, na bibi anamngoja. Sauti yake haikuwa ya mtu mbaya. Ilikuwa ya mtu aliyetumwa, anayeogopa kurudi mikono mitupu. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa ukumbi akiligongelea benchi misumari. Mimi nilikuwa karibu, na Akinyi alikuwa ametupa mgongo, anafunga mshipi wake.

Odhiambo alijua alichokuwa anafanya. Alitaka shemeji yake aone kwa macho kwamba jambo bado liko. Akapita mbele yangu haraka, akanyoosha mkono, akamshika Akinyi ukosi.

Nikafungua mdomo. Sikuwahi.

Akageuka. Mguu wa nyuma, kinga juu, kama mara mia tulizofanya. Ngumi ikatoka. Odhiambo akafumba macho, mtu mzima yule, na mkono wake ukabaki hewani umeshika hewa. Ngumi ilikuwa mbele ya kifungo cha koti lake, imesimama.

"Baba," akasema Akinyi. Kwao ndugu ya baba ni baba. "Ni wewe."

Odhiambo akafumbua jicho moja.

"Ukitaka kunishika, pitia mbele. Nyuma kunanikumbusha moto."

Mwalimu alikuwa ameacha nyundo. Odhiambo alitazama ngumi, akatazama uso wa mtoto, akamtazama shemeji yake. Akaketi kwenye lile benchi lisilomalizika, nalo likalalamika.

"Pepo haelekezi watu njia," akasema hatimaye, kama anayejibishana na mtu ambaye hayupo. "Ningejua kama ni pepo. Pepo hakuambii pitia wapi."

Mama Akinyi alikuwa analia, lakini kimyakimya, asimkatize.

Odhiambo hakumchukua. Alikunywa chai kwa Mama Akinyi na gari la saa nane likaenda bila wao. Lakini kabla ya kuondoka ukumbini alimwita Mwalimu kando, na mimi Mwalimu akaniashiria nije, kwa kuwa mtoto alikuwa wangu. Odhiambo akasema yeye ameona. Ataeleza nyumbani. Lakini neno lake peke yake halitatosha, maana yeye mwenyewe ndiye aliyesimama mbele ya kanisa lao akaomba watu wamwombee mtoto wa marehemu mwenye pepo. Boma zima linajua, na kijiji. Hata akitulia miaka kumi, atakuwa yule wa pepo. Nani atakaa naye benchi moja? Nani atamwoa?

"Waliomtuliza ndio wanaotakiwa kuja," akasema. "Mje na hizo nguo zenu, msimame pale mbele, mseme. Ni desturi yetu. Mkishasema nyinyi, imeisha."

Mwalimu hakumwambia kwamba sisi si kanisa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiacha kulisema. Akamshika mkono. "Nitakuja," akasema. "Mwezi wa kumi na mbili, karakana ikifungwa."

Mwezi wa kumi na mbili ulimkuta na kifua. Miaka ya vumbi la mbao ilikuwa imekaa humo ndani. Akasema atakwenda Pasaka. Mwaka uliofuata tulimzika kwao, Magharibi, na Kioko ndiye aliyebeba upande mzito wa jeneza. Siku za mwisho nilipomtembelea aligawa vitu: randa kwa mwanawe, ubao wa kupigia kwa ukumbi. Nikadhani amemaliza. Akaniambia, "Rael, ile safari ya ziwani ni yako." Mimi ni mkubwa wa yatima. Nimezoea kurithi vitu visivyobebeka.

Sikwenda. Mwanzoni ilikuwa Wafula na mtihani wake, kisha Naliaka, na nisingeweza kuwaacha peke yao. Halafu nikaitwa kufundisha kwenye shule ya wasichana, kisha walinzi wa kampuni moja ya ulinzi, ambao walitaka kujua kupiga na sikuwafundisha ila kuisimamisha ngumi. Miaka ikawa na kazi yake. Lakini kuna sababu nyingine, na nimeigeuza kwa kila upande kama mbao. Nikisimama mbele ya kanisa lile niseme nini? Nikisema yametoka, nitakuwa nimekubali kwamba yalikuwemo, na Akinyi atabaki msichana aliyewahi kuwa nayo. Nikisema hayakuwemo kamwe, nitakuwa nimemwita bibi mwongo mbele ya watu wake, na Odhiambo pia. Nikieleza kuhusu fundo na randa, watadhani nimekuja kuuza vitanda.

Akinyi sasa ni fundi cherehani Kawangware. Hayo mavazi mnayovaa, yasiyo na maandishi ya unga, ni yeye anayeyashona. Mwaka jana bibi yake alifariki, akaenda kuzika. Aliporudi alinieleza mazishi yalivyokuwa, nyimbo, chakula, mvua. Alipofika kwenye ibada alicheka kidogo. Alisema aliketi benchi la kina mama, na waliokuwa hapo wakasogea.

"Walisogea wapi?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Mbali kidogo tu," akasema. "Si sana."

Mama yake alirudi kuishi huko zamani, na amezeeka. Hunipigia simu mara kwa mara. Ananiita mchungaji, na nimechoka kumsahihisha. Wiki iliyopita alisikia kwamba nimestaafu, akapiga akauliza habari za magoti yangu, akauliza za Wafula na Naliaka, akauliza za Kioko. Kisha nikasikia kuku upande wake wa simu.

"Kanisa lenu linakuja lini?" akaniuliza.

Nikamwambia nitakuja. Mwalimu Ambetsa naye alisema hivyohivyo.